Baba Alipokuwa Mnyamwezi kwa Siku Sita

Nilicheka. Ndilo kosa lenyewe, na nalitaja mwanzo nisije nikalizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Baba yangu alikuwa amelala juu ya kitanda cha chuma katika wodi ya shamba la mkonge, mkono wake wa kulia umeishia kwenye kifundo, na juu yake bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto. Karani kutoka Idara ya Kazi alikaa pembeni yake na karatasi. Mama alisimama upande wa dirisha. Mimi nilikuwa miguuni pa kitanda, nimeshika kibuyu cha uji. Nikacheka. Wala si kutabasamu. Nilicheka kile kicheko changu ambacho walimu watatu wamekichapa viboko kwa zamu na hakijafa.

Wanaonijua watasema, ah, huyo ndiye, anacheka hata mazikoni. Kweli, nilishawahi kucheka mazikoni. Lakini siku ile nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa jirani yetu.

Tulikaa kambini, ng'ambo ya reli, si mbali na Ruvu, katika vile vyumba vilivyojengwa kwa safu ambavyo mtu akikohoa katika cha kwanza, wa chumba cha nane anamwambia pole. Baba alikuwa mkata mkonge. Katika chumba kilichogusana na chetu alikaa Mnyamwezi mmoja wa kule Tabora, mrefu, mkimya kwa watu wengine wote, aliyefanya kazi kiwandani kwenye korona, ile mashine inayokula majani ya mkonge na kutema singa, zile nyuzi zake. Sisi ni Wazaramo. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo kwetu hakuwa mkimya hata kidogo.

Aliingia bila hodi. Alifunua sufuria la mama na kuuliza, "Wazaramo leo mmepika nini, mchanga?"

Baba alimjibu bila kuinua macho, "Mpagazi, mzigo wako umeutua wapi? Mwenyewe anautafuta."

Sikukuu ya Idi alichukua jogoo wetu mchana kweupe, akamchinja, akamla, akatuletea miguu.  Kesho yake baba aliingia chumbani kwa mtani wake, akachukua blanketi, akalilalia wiki nzima, na Mnyamwezi akawa anapita mlangoni petu asubuhi akitetemeka kwa makusudi na kumwambia mama, "Shemeji, mumeo mwizi, lakini ana usingizi mzuri." Mimi nilijifunza mizaha yangu yote pale. Shuleni wananiita mtovu wa adabu, lakini mimi naona nilisoma shule mbili, na ile ya kambini nilipasi.

Siku moja mtani alipokea habari kwamba mama yake amefariki. Sasa mtu wa mbali anaweza asijue: kwetu mtu akifiwa, mtani ndiye anayeshika msiba. Anachimba kaburi, anawafanyia mzaha wafiwa hata wasahau kidogo, anakula wanachokula. Baba alipokwenda kumpa pole, alimkuta amekaa sakafuni na kipande chake mkononi.

Kipande ni ile kadi ya kazi. Ina visanduku thelathini, na kila siku unayofanya kazi unatiwa alama kimoja. Usipovijaza katika muda uliowekwa, ulivyojaza vinapotea, na siku ulizotoa jasho zinakuwa kana kwamba ulilala. Chake kilikuwa kimebakiza visanduku tisa. Akienda kuzika, kipande kinakufa. Akibaki, mama yake anazikwa na watu wengine.

Baba alikichukua kipande mkononi mwake. "Nenda," alimwambia. "Kaburi la mama yako liko mbali na mimi siwezi kufika. Nitalichimbia hapa hapa kwenye korona. Siku tisa ni nini?"

"Wewe korona huijui."

"Wewe kuoga hukujui, na mbona unaoga?"

Mnyamwezi alicheka huku analia. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona mwenyewe. Jioni ile ile akapanda gari la moshi.

Baba wakati huo alikuwa amemaliza kipande chake wiki iliyopita na alikuwa amekirudisha ofisini. Alikuwa mtu huru. Alipaswa kwenda Masaki, upande wa Kisarawe, kumsaidia bibi kupalilia mihogo na kusafisha chini ya mikorosho kabla ya mavuno. Bibi alishatuma salamu mara mbili. Angekwenda tu!

Badala yake alikwenda kwa mnyapara. Mnyapara wa kiwandani alikuwa mtu wa kofia na filimbi, mwenye tumbo lililomtangulia kazini. Alimsikiliza baba, akaangalia huku na huku, akasema, "Mimi nahesabu vichwa. Makabila sihesabu." Wala hilo halikuwa jambo geni. Kambi nzima ilijua kwamba vipande huazimana: mtu ana homa, ndugu yake anaingia, mtu ana kesi, shemeji anaingia. Ofisini hawakujua, au walijua na wakageuza shingo. Mradi mashine inakula, nani atauliza inalishwa na nani?

Shule yetu ilikuwa imefungwa siku chache, nami asubuhi ya pili nilikwenda kuchungulia majina yanavyoitwa. Mnyapara aliita jina la mtani wetu. Baba akaitika, "Nipo!" kwa sauti ya kutokea puani, akiburuta maneno kama Mnyamwezi hasa. Mstari mzima ukaangua kicheko. Mnyapara mwenyewe alikifunika kicheko chake kwa filimbi. Nilirudi nyumbani nikamwigizia mama, naye akanifukuza kwa mwiko, lakini alikuwa anacheka.

Kwa hiyo mjue kwamba kwangu mimi, baba kuwa Mnyamwezi ulikuwa mzaha bora wa mwaka.

Siku ya sita shule zilikuwa zimefunguliwa. Mtoto wa dresa, mfunga vidonda wa wodi, alikuja darasani kuniita. Njia nzima hakusema kitu ila, "Kimbia." Baadaye niliambiwa jani liligoma kuingia, na baba akalisukuma kwa mkono. Wenyeji wa korona hawasukumi kwa mkono hata siku moja. Jani likigoma hulivuta nyuma. Mkata mkonge hajui hilo. Mkata mkonge kitu kikigoma hukisukuma.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia. Wa kulia chakula, wa kusalimia, wa panga.

Sasa, mlangoni pa ofisi ya shamba palikuwa na tangazo la sheria mpya. Nililijua kwa moyo, maana watu wazima wa kambini walinituma niwasomee, nami niliwasomea kwa kuigiza pua ya karani wa ofisi, wakashika mbavu. Lilisema kwamba mfanyakazi atakayeumia akiwa kazini, tajiri wake atamlipa fidia, na kwamba Serikali itatuma mtu wa kuuliza. Siku ya pili ya baba kuumia mama aliniambia, "Hebu soma tena lile tangazo lako." Nikalisoma bila pua. Akaniambia nirudie pale penye neno "fidia". Nikarudia. Alikaa akaangalia sufuria lisilo na kitu ndani. Alijua kama nilivyojua mimi: bila fidia, baba atatoka pale na mkono mmoja na hana mahali pa kuuuza.

Nisilolijua ni kwamba asubuhi ya siku aliyokuja karani wa Idara ya Kazi, mnyapara alipita wodini akamwambia baba, "Jina lako ni lile la kwenye kipande. Ukisema lingine, hujulikani hapa." Baba akakubali. Mama aliambiwa. Mimi sikuambiwa, kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu anajua kwamba siri nikipewa mimi ni sawa na kutia maji kwenye pakacha.

Basi nikaingia na uji wangu. Karani alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekunywa chai nzuri. Alimwamkia baba shikamoo kabla ya kuanza, jambo lililonishangaza.

"Jina lako, mzee?"

Baba akataja jina la mtani wake.

"Kabila?"

Baba akavuta pumzi. "Mnyamwezi."

Alilisema kwa ile ile sauti ya puani. Alikuwa na homa, midomo imepasuka, na bado aliivuta ile sauti kutoka huko alikoiweka, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono mmoja. Lakini mimi sikuona homa. Mimi nilisikia "Nipo!" ya asubuhi ile, nikaona mstari wote unacheka, na ninaapa nilidhani baba amepona. Nilidhani ananitania mimi. Nikaangua kicheko mpaka uji ukamwagika sakafuni.

Karani alinitazama. "Wewe, unacheka nini?"

Mama aliniita jina langu, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Sikuelewa.

"Mzee, huyu ni mwanao?"

"Wangu," baba alisema.

Karani akanigeukia tena, kwa upole ule ule. "Na wewe ni kabila gani, kijana?"

Shuleni tumefundishwa kumjibu mkubwa kwa sauti, umesimama wima. Nikasimama wima. "Mzaramo, bwana! Wa Masaki, Kisarawe!"

  Karani aliitazama kalamu yake muda mrefu, na nadhani naye angependa niwe sijazaliwa. Kisha akaandika.

Baba aligeuza uso ukutani. "Msimkaripie," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Ni mtoto wa kucheka."

Wiki moja baadaye alikuja Afisa wa Kazi mwenyewe, Mzungu mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Shauri lilifanyika barazani pa ofisi ya shamba. Meneja alikaa kitini. Baba aliletwa na kukalishwa kwenye boksi. Karani wa miwani alikuwa ndiye mkalimani.

Meneja alisema maneno machache. Kipande cha mtu huyu kimefungwa na kurudishwa. Siku aliyoumia hakuwa na mkataba na shamba. Aliingia kiwandani kwa hila, kwa jina la mtu mwingine. Shamba haliwezi kumlipa mtu lisilomwajiri.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu akauliza swali moja, na mpaka leo naona lilikuwa ndilo swali. Alimgeukia mnyapara. "Wewe ulijua kwamba huyu siye mwenye kipande?"

Maana kama mnyapara alijua, basi shamba lilijua, na kama shamba lilijua na likamwacha alishe mashine yao siku sita, basi alikuwa mtu wao. Mama alilielewa hilo haraka kuliko mimi. Nilimwona anamtazama mnyapara kama anayetazama mtu aliyembebea mtoto wake juu ya daraja la gogo.

Mnyapara alivua kofia. "Bwana, watu ni wengi. Mimi sikumjua."

Wanaume wa korona walikuwa wamesimama kando, kama kumi hivi. Wote walikuwapo kwenye ule mstari. Afisa akauliza kama kuna mwenye neno. Kila mmoja akatazama miguu yake. Siwalaumu sana, nao vipande vyao vilikuwa vya kuazima, au vya ndugu zao, na atakayefungua mdomo atakuwa amefungua na mlango wake.

Nikasema mimi. "Alimjua! Alimwita kila asubuhi! Hata yeye alicheka, akapuliza filimbi ili asionekane!" Na kwa kuwa sijui kusema jambo bila kuliigiza, nikaliigiza: jina, "Nipo!" ya puani, filimbi, tumbo. Niliigiza vizuri, Mungu anisamehe. Watu wawili wa korona walicheka bila kupenda.

Afisa alimwuliza karani kitu. Karani akajibu kwa Kiingereza kifupi ambacho hata mimi wa darasa la sita nilikielewa: huyu ndiye yule mtoto aliyecheka wodini.

"Mpeleke nje," Afisa akasema, na karani akanitafsiria bila kunitazama usoni.

Fidia haikupatikana. Kwa kuwa baba hakuwa na kipande, hakuwa na haki ya chumba pia, na tulipewa siku saba za kuhama. Mwalimu wangu mmoja, nilipokwenda kumuaga, aliniambia uongo ule usingefika mbali. Mtani angerudi na mikono miwili, nao wangeuliza mkono umeota lini. Huo ni mzaha mzuri, na mwalimu hakuwa mtu wa mizaha, kwa hiyo najua alijitahidi. Nilimshukuru. Lakini nilichojiuliza njiani ni hiki: kama nisingecheka, wangepata nafasi ya kusema ukweli wenyewe, kwa wakati wao, pamoja na mnyapara pengine, kabla hajaogopa. Nani ajuaye? Mimi niliwanyang'anya hata hiyo pengine.

Mtani alirudi siku tunafunga mizigo. Aliambiwa habari stesheni, kabla hajashuka vizuri. Alisimama mlangoni petu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe akabisha hodi.

"Karibu," mama akasema.

Hakufunua sufuria. Hakuuliza tumepika nini. Alikaa chini mbele ya baba, akaushika ule mkono uliokatika, akauweka juu ya paja lake kama kitu cha kukabidhiwa. Baba alijaribu. "Mpagazi," alisema, "umekuja na mzigo gani?" Yule mtu mrefu akatikisa kichwa tu. Baba akasubiri jibu, akasubiri tena, kisha akatazama pembeni. Nilielewa kwamba utani unaweza kufa kama mtu, na kwamba huo hauna mtani wa kuuzika.

Naye walimfukuza kazi siku iliyofuata, kwa kosa la kumpa mtu kipande. Visanduku vyake vyote vikapotea, na vile sita vya baba pia. Alitubebea mizigo mpaka kwenye gari la moshi. Sijui aliko.

Tulishuka Pugu, tukapanda kilima kwa miguu hadi Kisarawe, tukalala kwa jamaa, na kesho yake tukaendelea mpaka Masaki kwa bibi. Bibi alimpokea mwanawe bila kuuliza. Alimtazama mkono, akaenda kuchimba muhogo.

Tatizo la kwanza lilikuwa chakula. Kwetu mtu hali kwa mkono wa kushoto. Si sheria ya shamba hiyo, ni ya tangu utotoni, na nimepigwa kwa ajili yake. Majirani walipokuja kutupa pole, bibi aliandaa sinia, na wanaume wakamzunguka baba. Baba akasema ameshiba. Alishiba hivyo siku nne. Mwisho mama akawa anamlisha ndani, mlango umerudishwa, na mimi nikawa nakaa nje kuzuia wadogo zangu wasiingie. Nilikuwa nasikiliza mle ndani. Kijiko tu, na sahani.

Mama naye hakuwa amenitamkia neno juu ya wodi. Alinituma maji, alinituma kuni, alinisalimia asubuhi.  Nilitamani anichape. Nilikwenda mpaka nikavunja chungu cha bibi makusudi ili nichapwe, nikaambiwa niokote vigae.

Sikuwa nacheka tena siku hizo. Nilifikiri sana, na kwa mtu kama mimi kufikiri ni ugonjwa. Nikapata shauri: nitaacha shule. Kulikuwa na nafasi ya kusoma Kisarawe, jina langu lilishaandikwa, lakini kuna faida gani? Ningerudi mkongeni, ningechukua kipande changu mwenyewe, kwa jina langu mwenyewe, ningekata badala ya baba. Nililikariri neno hilo kutwa nzima, bila kuliigiza, bila pua. Alasiri mama aliporudi kutoka shambani nikamfuata nyuma ya nyumba, alipokuwa ananawa miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamwambia yote. Nikamwambia naacha shule. Nikamwambia najua ni mimi. Kisha nikabaki nimesimama nimeshika jembe lake ambalo hakunipa.

Mama alimaliza mguu wa kwanza, akanawa wa pili. Alimwaga maji yaliyobaki kwenye shina la mpapai. Kisha akasema:

"Shule huachi. Mimi kuanzia kesho natoka alfajiri kwenda kuwalimia watu, na mkono mmoja wa baba yako haufungi msuli kiunoni. Utamfunga wewe kabla hujaondoka kwenda shule. Umfunge vizuri, asiende ameushikilia njia nzima mpaka msikitini."